Mwanamke wa Mkanda wa Kwanza

Mwaka 1974, nikiwa na miaka tisa, baba alimpa mama talaka mbele ya watu watatu, na kabla jua halijawa kali mama akawa amekwisha kuondoka. Mimi nilibaki kwa sababu nilikuwa mtoto wa baba, ndivyo walivyosema. Mwezi haukuisha, baba naye akaenda zake Dar es Salaam kutafuta kazi, akaipata, akapata na mke huko huko. Nikabaki na dada yake, Shangazi Mwajuma, katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mzenga, Kisarawe. Taabu yangu ilianzia hapo. Haya naandika kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono huu uliishia darasa la nne, kwa hiyo msomi akikuta kosa alipite tu, asiniandikie barua.

Wiki iliyopita umeme ulikatika hapa mtaani, jirani akawasha jenereta lake, moshi wa petroli ukaingia mpaka sebuleni. Wajukuu wakaziba pua. Mimi nikasimama na sahani mkononi, sikumbuki nilikuwa naipeleka wapi. Harufu ile kwangu ni harufu ya sinema. Wa rika langu mnaelewa. Sisi hatukuonea sinema kwenye viti. Tulikaa mavumbini kwenye uwanja wa mpira, shuka jeupe limefungwa kwenye miti miwili, na nyuma yetu jenereta linanguruma na kututemea moshi.

Lakini kwanza niseme kuhusu mama. Siku aliyoondoka nilimwona mgongo. Alikuwa na kikapu kichwani na kanga moja ya rangi ya kutu, anashika njia ya kwenda barabarani, mimi nimeshikwa mkono na bibi mmoja jirani ili nisimfuate. Hakugeuka. Baadaye nikiwa mtu mzima nilielewa kwamba angegeuka asingeweza kwenda, lakini mtoto wa miaka tisa haelewi hivyo. Mtoto anaona mgongo na visigino tu. Tangu siku ile jina la mama likawa halitajwi nyumbani. Shangazi Mwajuma hakuwa mtu mbaya. Chakula nilipata, kipigo nilipata kwa kiasi cha watoto wote wa wakati ule. Ila nikimuuliza mama yuko wapi, alinijibu neno moja: "Kachote maji." Siku nyingine nilichota maji mara nne.

Marafiki sikuwa nao. Kijiji kilikuwa kipya, watu wamekusanywa kutoka huku na huku, na kila mtoto alicheza na wale aliohama nao. Mimi nilihama na Shangazi, na Shangazi hachezi.

Basi siku moja gari la sinema likaja. Lilikuja na bwana mmoja mwembamba, suruali imenyooka kabisa, tukamwita Bwana Picha, jina lake la kweli sikulijua mpaka leo. Bwana Picha ndiye aliyeendesha mashine na ndiye aliyesema. Maana sinema zenyewe zilisema Kiingereza, au hazikusema kabisa, kwa hiyo alipunguza sauti ya mashine, akashika kipaza sauti, akatueleza yeye mwenyewe nani anafanya nini na kwa nini. Mikanda ilikuwa miwili. Wa kwanza mfupi, wa mafunzo: choo, mbolea, maji safi. Wa pili mrefu, wa watu wa ng'ambo wanaopigana. Wakubwa walikuwa na desturi ya kuchelewa makusudi ili waukute mkanda wa pili. Walisema choo wanakijua. Mimi niliwahi, kwa sababu sikuwa na wa kumsubiri, nikakaa mbele kabisa, peke yangu na watoto wadogo waliolala.

Mkanda wa kwanza siku ile ulikuwa wa maji. Mto mpana, wanawake wanashuka kuchota. Mmoja wao akajitwika ndoo, akatupa mgongo, akapanda ukingo wa mto. Mguu wake wa kulia ulikuwa unaenda nje kidogo kila anapokanyaga, kisigino kinaacha alama ya kuinama. Akawa anaelekea mbali nasi. Karibu afike juu, akataka kugeuka, na hapo picha ikakatwa, ikaja picha ya sufuria inachemka. Na Bwana Picha akasema kwenye kipaza sauti, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama huyu, ndugu zangu, ni wa huku huku kwenu Kisarawe. Sasa amehamia kule Ruvu. Ana maji, ana nyumba, na anawangoja watoto wake wamfuate."

Nilijua ni mama. Msinicheke. Redioni walikuwa wanasoma salamu za watu kwa majina, na vifo kwa majina, fulani bin fulani popote alipo apate habari. Sasa kwa nini gari la serikali lisilete habari za mama yangu? Kwa akili yangu ile, sinema ilikuwa redio yenye macho. Mama alikuwa Ruvu, ananingoja, na serikali imenitumia habari hiyo kwa Bwana Picha. Mkanda wa pili sikuuona. Nililia wote mpaka mwisho, na kwa kuwa watu wa ng'ambo walikuwa wanauana, hakuna aliyeona ajabu.

Kesho yake ilikuwa siku ya shamba la ujamaa. Shamba la muhogo. Kila mtu alipimiwa ngwe yake, majembe kwenye mstari mmoja, watoto tunafuata nyuma kukung'uta magugu. Pale kijijini tulikuwa na utaratibu wetu: siku inayofuata sinema, asiyekwenda alikuwa na haki ya kusimuliwa, na wanaosimulia walibishana mpaka ngwe inaisha. Magugu ya siku hiyo hayakujua yamekatwa saa ngapi. Mwenyekiti alilijua hilo, kwa hiyo hakumkemea mtu.

Bingwa wa ubishi alikuwa Mzee Kondo, mgema wa tembo, mtu mfupi mwenye sauti ya watu wawili.

"Mimi nasema yule bwana wa farasi ni muongo," akaanza. "Tangu mwanzo mpaka mwisho hakula! Kapanda farasi, kapiga watu saba, kavuka mto, kamkumbatia mke wa watu, hajatia hata kipande cha muhogo mdomoni. Mtu gani huyo?"

"Labda alikula kabla hawajaanza kumpiga picha," akasema Shangazi.

"Mwajuma, kula asubuhi kunamfikisha mtu saa sita. Yule kapigana mpaka jua linazama."

"Na farasi?"

"Farasi naye hakula! Na majani yalikuwepo pale pale, nimeyaona kwa macho yangu. Sinema ambayo watu hawali ni ya uongo. Hicho ndicho kipimo changu."

Watu wakacheka, wakabishana, wengine upande wa farasi, wengine upande wa njaa. Mimi nilikuwa nyuma na magugu mkononi, na sijui nini kilinisukuma, nikasema: "Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi."

Mstari mzima ukasimama. Mtoto hakuruhusiwa kuongea kwenye ubishi wa wakubwa.

"Ipi? Ya choo?" akauliza Mzee Kondo.

"Ya maji."

"Ebo! Uzuri wake nini? Mwanamke kachota maji. Mke wangu anachota kila siku, na mimi siendi kukaa mavumbini kumtazama."

"Ungekwenda ningeanguka kwa mshangao," mkewe akajibu kutoka ngwe ya tatu.

Nisingeweza kusema sababu yangu. Jina la mama lilikuwa halitajwi, na Shangazi alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Ikabidi nitafute sababu nyingine pale pale, jasho linanitoka. Nikasema: "Mle walikula."

"Wapi? Nani kala?"

"Kuna mtoto pembeni, kwenye jiwe, anatafuna muwa. Alianza na pingili nzima. Mama alipojitwika ndoo imebaki nusu."

Mzee Kondo akaegemea jembe. Akafikiri kwa haki kabisa, maana alikuwa mtu wa haki kwenye mambo ya chakula. Kisha akasema, "Huyu mtoto kaniweza. Mwajuma, huyu mwanao ni mkaguzi."

Jina likanishika. Mkaguzi. Kila gari la sinema lilipopita, kesho yake shambani waliniita, "Mkaguzi, hebu toa ripoti." Nikawa natoa. Nilijua nani alivua kofia asiirudishe, nani alipigwa risasi bega la kushoto akashika la kulia. Nilitazama kuliko wote kwa sababu nilikuwa natafuta mtu mmoja, na anayetafuta mtu mmoja anaona kila kitu kingine njiani. Wanangu waliosoma wananiambia kuna watu mjini wanalipwa kwa kazi ya namna hiyo. Mimi nililipwa kicheko cha wazee, na usiku nikalala peke yangu kwenye mkeka, nikizungumza na mgongo wa mama. Nilimweleza habari zote. Nilimwambia nitakuja, ngoja nikue kidogo, usihame tena.

Ila kila sinema iliyokuja nilisema haifikii ile ya maji. Watu wakachoka. "Mkaguzi kaolewa na mkanda wa ndoo," walisema. Wengi wao hawakuwahi hata kuuona, walikuwa wamechelewa kama kawaida yao.

Masika yakapita. Siku moja gari likaja, shuka likafungwa, na mkanda wa kwanza ukawa ule ule. Nilimwona yule mbwa mwekundu wa mara ya kwanza akivuka mbele, nikajua kabla hata mto haujatokea. Moyo ulinipiga mpaka masikioni. Nikasogea mbele mpaka Bwana Picha akanifokea, "We mtoto, kichwa chako kiko mtoni!" Nikainama. Mama akajitwika ndoo, akapanda ukingo. Nikangoja Bwana Picha aniambie habari mpya za Ruvu.

Akasema: "Mtazameni mama huyu, ndugu zangu. Huyu ni wa mbali sana, huko Kusini. Mkaidi! Aliambiwa ahamie kijijini akakataa. Hana jirani, hana mume, hana mtoto, anakunywa maji pamoja na mamba. Nyie mna bahati."

Nilibaki nimekaa. Picha ya sufuria ikaja, ikapita. Watu wakaanza kuwasili kwa ajili ya mkanda mrefu, wakanikanyaga, sikuondoka.

Kesho yake shambani Mzee Kondo, ambaye mara hii aliwahi kwa sababu yangu, alikuwa amefurahi. "Mkaguzi, jana nimeiona ya maji. Lakini sio ile yako. Yako, wanavyosema waliowahi, ilikuwa ya mama wa huku kwetu, kahamia Ruvu. Hii ni ya mama mkaidi wa Kusini. Zimefanana tu, mito yote inafanana."

"Ni nyingine," watu wakaitikia. "Bwana Picha mwenyewe kasema."

"Bado Mkaguzi hajasema," akasema Shangazi.

Majembe yakasimama. Wote wakanitazama mimi, na nakumbuka muhogo ulikuwa umefika kifuani kwangu. Nilijua kabisa nini kimewekwa mbele yangu. Nikisema ni nyingine, basi ile ya kwanza inabaki kweli. Mama yuko Ruvu, ana maji, ana nyumba, ananingoja. Hakuna mtu pale ambaye angenipinga. Neno moja tu, na lingekuwa neno ambalo wote walitaka kulisikia. Lakini mimi nilikuwa Mkaguzi. Ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho duniani ambacho sikupewa na mtu. Na kiburi hiki mnachonijua nacho leo nilikuwa nacho tangu wakati ule.

"Ni ile ile," nikasema.

"Acha ubishi, mtoto."

"Ni ile ile. Mbwa mwekundu anapita mwanzo, anakojolea kichaka. Ndoo ina kiraka cha lami upande wa mkono. Mtoto ana muwa. Mwanamke wa pili anajikwaa, anacheka, anaziba mdomo. Yule anayepanda mguu wake wa kulia unakwenda nje. Akitaka kugeuka, picha inakatwa. Vyote vile vile. Kilichobadilika ni maneno."

Mzee Kondo akahesabu kwa vidole. "Mbwa nimemwona. Muwa nimeuona, ndio nilioufuata. Kiraka..." Akakunja kidole cha tatu. "Kiraka kipo. Sasa Bwana Picha alitudanganya mara ya kwanza au jana?"

"Mara zote mbili," nikasema. "Yule mwanamke hamjui."

Loh, walivyoshangilia! Walinipigia makofi na mipini ya majembe. Mzee Kondo akasema kuanzia siku ile atamtazama Bwana Picha kama anavyomtazama mpima mizani. Baadaye nilikuja kusikia kwamba ndiyo ilikuwa desturi ya kazi yao: kila kijiji, mtu wa kwenye picha walimfanya wa pale pale jirani ili watu wasikilize, au wa mbali ili watu wasikasirike. Hakuwa na ubaya. Hakujua kwamba mbele yake kuna mtoto anayemsikiliza kwa maisha yake.

Mimi nilichukua jembe la Shangazi nikalima. Nililima mahali pamoja tu, mpaka shimo likawa la kuzikia kuku. Watu wakasonga mbele na mstari wao. Shangazi akarudi.

"Una nini wewe? Umeshinda, unalia nini?"

"Nilidhani ni mama."

"Nani mama?"

"Wa kwenye ndoo. Bwana Picha alisema yuko Ruvu."

Shangazi Mwajuma akakaa chini, juu ya tuta, na kanga yake safi. "Mwaka mzima unabishana na wazee, kumbe unamtetea mama yako? Si ungeniuliza mimi?"

"Nilikuuliza."

"Nikakujibu nini?"

"Kachote maji."

Akafuta uso wake kwa kiganja chenye udongo. Kisha akaniambia yote bila kunitazama. Mama alikuwa Kongowe, ile ya Kibaha. Ameolewa na mtu wa bara anayefanya kazi ya vibarua. Shangazi alijua tangu mwanzo, lakini kaka yake alimkataza kusema, na yeye akaona nitasahau. "Mtoto mdogo husahau," alisema. "Nilikuwa nangoja usahau."

Juma lile lile tukapanda lori la machungwa mpaka Mlandizi, na pale tukapata gari la kutufikisha Kongowe. Akaulizauliza mpaka tukaona nyumba ya udongo yenye mlango wa mabati. Akasimama mbali. "Mimi pale siingii," akasema. "Alikuwa wifi yangu, nami niliona anaondolewa nikakaa kimya. Nenda." Akanifunga vizuri kifungo cha gauni, akageuka. Naye pia nilimwona mgongo.

Mama alikuwa anapepeta mchele, mtoto mchanga mgongoni. Aliponiona ungo ukamwinamia, mchele ukamwagika nusu. Akaja. Na mimi, mtoto wake wa kumzaa, nilimtazama miguu kabla ya uso. Miguu ilikuwa imenyooka. Yote miwili. Hatua fupi fupi za haraka, hakuna mguu unaokwenda nje, wala haukuwahi kwenda nje. Mwaka mzima nilikuwa nimekariri mwendo wa mwanamke mwingine nikamvika mama, mpaka mwendo wa mama mwenyewe ukanitoka kichwani.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nani kakuleta?" Akanishika kichwa, akafunua nywele zangu kuangalia chawa, hapo hapo mlangoni. Mikono yake niliitambua. Mikono tu.

"Hutembei hivi," nikamwambia, nikiutupa mguu wa kulia nje.

"Hivi vipi?"

Nikamsimulia. Mto, ndoo, Bwana Picha, Mzee Kondo na kipimo chake cha chakula. Akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. "Mimi kwenye sinema! Mimi hata picha ndogo ya kubandika sijawahi kupigwa." Kisha akaacha kucheka. "Ulikwenda kuitazama mara ngapi?"

"Mbili. Ingerudi ningekwenda tena."

Akaniacha hapo, akaenda kuokota mchele, punje moja moja, amenipa mgongo.

Nilikaa. Baba wa kambo alisema nitakaa kama nitafanya kazi, na kazi sikuikimbia. Shule niliishia hapo. Nilikaanga mihogo kando ya barabara, nikauza mkaa, nikauza matofali ya watu, kisha ya kwangu. Na mama, je? Tuliishi kwa adabu. Hatukugombana hata siku moja, na naona hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alikuwa mtu mzuri, mchovu, mwenye watoto wengine wa kuwatazama. Jioni nilipokuwa na jambo la kusimulia, nilijikuta namsimulia yule wa ukingo wa mto, ambaye sasa nilijua hana habari na mimi. Nilikuwa nimempata mama, na upweke nikaja nao kwenye lori la machungwa. Alipozeeka na mume wake akafa, nilimchukua mimi. Watoto wengine walisema hawana nafasi. Alikaa kwangu miaka kumi na moja. Siku moja, macho yamekwisha kuingia ukungu, aliniuliza, "Yule mwanamke wako, alikuwa mzuri?" Nikamwambia sikumwona uso. Akasema, "Basi mimi umeniona." Ndio mazungumzo marefu kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo juu ya jambo hilo.

Sitaki kuhurumiwa. Nimeandika kwa sababu watu wananiona nina mali wanadhani nilizaliwa nayo, na wengine wanadhani roho yangu ni ngumu. Ngumu ni kweli. Mali niliyo nayo leo ni hii: nyumba ya vyumba sita hapa Kongowe, ya matofali niliyoyafyatua mwenyewe. Fremu tatu za maduka, zote zina wapangaji. Mashine ya kusaga na ya kukoboa. Pikipiki mbili. Ng'ombe wanne wa maziwa. Kiwanja Zegereni, bado sijakijenga. Ekari tano Ruvu, za mpunga na minazi, hati ninayo kwa jina langu. Na kwenye kona ya juu ya ekari hizo, palipo pakavu, kaburi la mama yangu, ambalo nimelijengea ukuta mfupi, na nafasi moja pembeni yake.